Saa ya Maabara Inaanzia Dirishani

Benchi la mbele ya duka la kava, mkabala na lango la hospitali ya mji wetu wa miwa, lina wenyewe watatu. Penaia anaitwa Mizani, kwa kuwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye kibanda cha kiwanda cha sukari akipima malori ya miwa. Bisun anaitwa Tani Nne, jina alilolipata mwaka ule kimbunga kilipompitia na shamba zima likatoa tani nne. Ukimwita Bisun hageuki. Waisake ni Redio, dereva wa teksi ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Kava yao, kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, hukorogwa kwenye beseni la plastiki, kifuu kinazunguka, unapiga kofi moja, unakunywa, unapiga matatu, ndipo unaruhusiwa kubisha. Alhamisi hiyo Mizani alifika saa sita mchana, mapema kuliko siku zote, na karatasi imekunjwa mfukoni mwa shati lake la maua. Mkewe Salaseini yuko wodini siku ya nne na kidonda cha mguu, ugonjwa wa sukari. Daktari alimvuta Mizani kando akamwambia dawa imegoma, na majibu ya usaha, yale ya kuonyesha dawa ipi itashika, bado hayajatoka maabara. Yasipotoka, kesho saa mbili asubuhi mguu unakatwa chini ya goti, na mgonjwa atie saini ya kukubali kwenye karatasi ile kabla ya saa kumi leo. Mizani akasema, niachie, nitamwambia mwenyewe. Sasa ilikuwa saa nane na nusu, na kifuu kilikuwa kimeshampitia mara tano.

Mizani: Siku nne, jamani! Usaha umechotwa Jumatatu saa tano, mbele ya macho yangu. Nesi kaandika jina, kapeleka dirishani maabara. Leo nauliza, naambiwa, "Subiri, baba, kesho." Kesho! Kesho mguu uko kwenye ndoo!

Redio: Pole, mzee. Haraka haraka haina baraka.

Mizani: Haraka ya nani? Nani hapa ana haraka?

Redio: Nimesema tu.

Tani Nne: Hiyo si ndiyo maabara iliyopewa cheti juzi? Waziri kaja, kakata utepe, sisi tukapigwa jua na bendera mkononi?

Mizani: Ndiyo hiyo hiyo! Tangu wizara ituletee haya mageuzi na ile kampuni ya kusimamia ubora, pale dirishani wametundika ubao mkubwa kama goli. Kila kipimo na kidoti chake, kijani toka juu mpaka chini. Umeandikwa: "Asilimia tisini na nane ya vipimo hutoka kwa wakati."

Tani Nne: Na hizo mbili?

Mizani: Mke wangu, basi! Peke yake asilimia mbili!

Akapiga kofi moja, akanywa, na yale matatu akayapiga kwa hasira mpaka mwenye duka akachungulia.

Mizani: Ingia ndani uone vituko. Sakafu yote mkanda wa manjano. Ndoo ina nyumba yake, fagio lina nyumba yake, hata stepla imechorewa kitanda. Usaha wa Salaseini tu ndio hauna pa kulala.

Redio: Mimi naijua siri. Ile mashine ni ya ng'ambo. Damu zetu zina kava. Mashine ikionja damu tano za kwetu, inasinzia.

Tani Nne: Acha kamba wewe! Mimi damu yangu ina kava kuliko maji, na jibu la sukari nililipata siku ile ile.

Redio: Basi sikia. Yule meneja wa kampuni ana shemeji yake mwenye kiwanda cha miguu ya bandia. Umeelewa? Huku anachelewesha, kule anauza. Miguu inakuja kwa kontena, ya kushoto tupu.

Mizani: Wa Salaseini ni wa kulia.

Redio: Ndiyo maana wanasubiri! Kontena la kulia halijafika.

Siku nyingine wangecheka mpaka kava iwapalie. Mizani alimtazama tu, na Redio akainamia beseni kukoroga kitu kilichokuwa kimeshakorogeka.

Tani Nne: Mimi nasema vile vijidudu wamevizoea. Wanaviotesha, wanavilisha, mwisho wanavionea huruma. Hata mimi kuna mbuzi nilishindwa kumchinja.

Mizani: Mnafanya mchezo. Mimi nimeona kwa macho yangu. Jumanne nimechungulia pale dirishani. Chini ya meza ya karani kuna sanduku jeupe la barafu, haya ya kuwekea samaki. Ndani vichupa, na kichupa cha mke wangu kiko juu kabisa, jina nalisoma. Namwuliza karani, ananiambia, "Haijapokelewa." Namwambia, mama, si hiyo hapo inagusa goti lako? Ananiambia, "Ipo, baba, ila haijapokelewa."

Redio: Aaa! Hilo sasa nalijua kweli. Siyo kamba.

Tani Nne: Leo siyo kamba?

Redio: Naapa. Binti wa dada yangu, Luse, si ndiye anafagia mle? Kasema hivi. Karani ana kile kidude chenye taa nyekundu. Akikipitisha juu ya chupa kinalia pii. Kikilia, saa ya maabara imeanza. Kisipolia, chupa hata ikae mwaka haijachelewa, kwa sababu haijafika. Sasa mashine zikijaa na kabati la kuoteshea vijidudu likijaa, wakipokea chupa mpya kidoti kitakuwa chekundu, na kidoti chekundu bosi anakiuliza kwenye kikao cha asubuhi. Kwa hiyo wanaziacha sandukuni mpaka nafasi ipatikane. Ndipo pii.

Mizani: Na ya kwangu?

Redio: Imelia pii jana saa tisa alasiri. Luse alikuwepo. Vijidudu vinahitaji siku mbili kuota.

Mizani akahesabu kwa vidole, ingawa hesabu haikuhitaji vidole. Majibu kesho saa tisa alasiri. Kisu kesho saa mbili asubuhi. Na pale ubaoni, kwa saa ya maabara, Salaseini alikuwa kidoti cha kijani.

Mizani: Mbwa hawa! Wamekaa na mguu wa mke wangu sandukuni siku mbili, halafu wanajipaka rangi ya kijani! Mtu mzima, mwenye akili, mwenye mama yake, anatazama chupa iko mbele yake anasema haijafika! Ana moyo gani huyo? Anakulaje chakula kikapita?

Tani Nne akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani.

Mizani: Unacheka nini?

Tani Nne: Endelea, bwana. Umesema vizuri.

Mizani: Bisun, nakuuliza, unacheka nini?

Alipoitwa kwa jina lake, safari hii akageuka.

Tani Nne: Nikuulize na mimi. Lori langu lilikuwa linalala foleni siku ngapi nje ya geti lenu?

Mizani: Inategemea.

Tani Nne: Kinu kikiharibika?

Mizani: Mbili. Tatu.

Tani Nne: Mimi nalala chini ya lori, miwa juu inakaukia jua, kila saa uzito unashuka. Na wewe kule kibandani, kitabuni uliandika imefika lini?

Mizani: Inapopanda mizani. Ndiyo ilikuwa taratibu.

Tani Nne: Na kiwanda kiliandika nini pale ukutani?

Mizani hakutaka kulisema, lakini maneno yale aliyapita kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja. "Miwa husagwa ndani ya saa tatu tangu kupokelewa."

Tani Nne: Saa tatu! Nilikuja kibandani kwako, kofia mkononi, nikakwambia bwana mkubwa, miwa yangu inakufa pale nje. Unakumbuka ulinijibu nini?

Mizani: Ilikuwa amri, Tani Nne. Geti likiandika foleni, meneja ananiuliza mimi.

Tani Nne: Na yule karani unadhani haulizwi?

Mizani: Miwa si mguu!

Tani Nne: Si mguu. Ndiyo maana nimekaa na wewe benchi moja miaka yote hii na sijalisema. Leo umeuliza mtu anakulaje chakula kikapita. Wewe ulikula, bwana. Nilikuona, muhogo na samaki wa kopo.

Hasira ilikuwa bado ipo kifuani mwa Mizani, ila alijikuta hajui aielekeze wapi, na hilo lilimuudhi kuliko vyote. Akanyang'anya kifuu, akanywa bila kupiga kofi.

Redio: Basi, basi, wazee. Mizani, jikaze. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mizani: Mke wangu ni koleo?

Redio: Nilikuwa natafuta ya mguu, sikuipata.

Tani Nne: Tusigombane sisi. Adui yuko ng'ambo ya barabara. Mimi nasema nilete lori langu, nilipaki pale langoni, nife nalo. Halafu tuone nani kapokelewa na nani hajapokelewa.

Redio: Na mimi nawaita madereva wote wa stendi. Tunaung'oa ule ubao, tunautia chini ya teksi, tunaupeleka kwa waziri. Kidoti kimoja kimoja!

Mizani: Na karani aje aeleze hadharani! Na kampuni! Na waziri aniambie uso kwa uso!

Walikuwa wamesimama wote watatu, wanazungumza kwa pamoja, wakati basi la pwani liliposhusha watu. Mwanamke mmoja mnene akavuka kuja kwao, kikapu cha ukili begani, jasho linamtoka. Alikuwa Unaisi, mdogo wake Salaseini, aliyepata habari jana na kupanda meli ya alfajiri kutoka kisiwani kwao.

Unaisi: Shemeji, nimeleta magimbi na samaki wa tui. Mbona mko hapa? Dada anaendeleaje?

Wakamwambia. Walimwambia wote kwa wakati mmoja: pii, sanduku, kontena la miguu, vidoti, malori ya miwa, kisu, saa mbili. Unaisi akaweka kikapu chini akasikiliza mpaka wakaishiwa pumzi.

Unaisi: Na yeye mwenyewe anasemaje?

Redio akamtazama Tani Nne. Tani Nne akatazama beseni.

Redio: Daktari anasema...

Unaisi: Sijauliza daktari. Mguu ni wake. Dada anasemaje?

Mizani akagusa mfuko wa shati. Karatasi ilikuwa imelowa jasho.

Mizani: Hajui.

Unaisi: Hajui nini?

Mizani: Hajui kitu. Niliambiwa mimi. Nilisema nashuka kidogo nipumue.

Unaisi: Saa ngapi?

Mizani: Saa sita.

Saa ya langoni ilikuwa inasema tisa na robo. Aibu ilimpanda Mizani toka miguuni mpaka masikioni, akatamani Unaisi amtukane, lakini Unaisi alikuwa hamtazami tena. Alikuwa anatazama juu, wodi ya wanawake, dirisha la tatu, ambalo kitanda cha Salaseini kiko ubavuni mwake na barabara yote inaonekana, pamoja na benchi. Salaseini alikuwa amemwona mdogo wake. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anapunga mkono na kucheka, anaonyesha kikapu kwa kidole, anauliza kwa ishara kama mle ndani kuna samaki.

Unaisi akakiinua kikapu juu, kwamba samaki yupo.

Mizani akaitoa karatasi, akaikunjua, akatangulia kuvuka barabara.