Hisa za Telma

Kwenye basi la kutoka Kilambo kwenda Mtwara, Jafari alimwambia mama aliyeketi naye kwamba ameuza hisa zake za kampuni inayohudumia visima vya gesi. Bei leo inapanda, kesho inaporomoka.

"Mimi zangu ninazo," alisema mama huyo, Telma.

"Ziuze, dada yangu, kabla hazijakuishia mkononi."

"Mume wangu ni fundi wao. Kazi iliposimama huku, wakampeleka nchi za mbali. Bei ikipanda, najisemea labda wanarudi, na yeye atarudi nao."

"Anapiga simu?"

"Zamani alikuwa anapiga."

Basi likasimama stendi. Telma akamwomba amtazamie bei ya leo. Jafari, aliyeapa kutoitazama tena, akafungua simu.