Pumzi Katikati ya Neno

Penye kona ya barabara ya Namanga, pale Kitengela ilipokuwa ikianza kujiita mji, palikuwa na benchi la ubao mbele ya kibanda cha kahawa cha Mugure, na benchi hilo lilikuwa na wenyewe. Githongo, dalali wa ploti, walimwita Bunge, kwa kuwa hakuna hoja iliyompita bila kuichangia. Elphas walimwita Redio, kwa kuwa habari zilimfikia kabla hazijatokea. Nzuki hakuhitaji lakabu. Yeye alikuwa Mwalimu tu, mwanamuziki aliyeacha bendi mapafu yalipomgomea, akaenda chuoni kuwafunza walimu wa muziki hadi alipostaafu mwaka wa tisini na sita. Asubuhi moja ya Agosti, miaka miwili baadaye, Redio alifika akihema na habari za mashindano ya kwaya mkoani.

— Tumeanguka! Shule zetu zote tatu.

— Ati zote? Bunge akaweka kikombe chini.

— Zote, na kwa kosa moja. Jaji anasema watoto wa wilaya yetu ya Kajiado wanavuta pumzi katikati ya neno. Ule mstari wa "Mvua imerejea mbugani, na nyasi zimechipuka." Wakifika "zime", wanapumua, halafu ndio "chipuka". Shule ya hapa, ya Entarara, ya Magadi, mahali pamoja! Kama watu wamepigwa rungu.

Nzuki alikuwa amekiinua kikombe chake. Hakunywa, wala hakukirudisha.

— Hiyo ni soda, Bunge akatamka. Magadi iko na vumbi ya soda ya lile ziwa. Inaingia koo.

— Na Entarara iko na soda gani? Redio akauliza.

— Upepo, bwana! Unafikiri upepo iko na mpaka?

— Wachana na soda, Mugure akasema huku akimimina. Hao watoto wanaimba na njaa.

— Njaa gani inauma neno moja tu? Redio akamkata. Mimi nasema ni ng'ombe. Mtoto akichunga anaita, ananyamaza asikie kengele, anaita tena. Imeingia kwa damu.

— Mtoto wangu hajawahi chunga hata mbuzi, na yuko kwa hiyo kwaya! Mugure akaruka.

— Basi hao wengine wamemwambukiza.

— Nyinyi hamjui kitu, Bunge akasema, akiteremsha sauti kama anayefichua siri ya serikali. Kuna dawa imefukiwa chini ya jukwaa. Kwaya yetu ikikanyaga hapo, pumzi inakatika. Mwalimu, wewe ndio uko na hii kazi. Ni soda ama ni uchawi?

— Sijui, Nzuki akasema.

Alijua. Walimu wa kwaya zote tatu walikuwa wanafunzi wake chuoni, naye aliwafunza kwa njia moja: yeye aimbe kifungu, wao wakirudie. Alikuwa mkali wa kupindukia. "Msiongeze, msipunguze," aliwaambia, "imbeni kama mlivyonisikia." Wimbo ule ndio aliokuwa akiwafundishia kila mwaka kabla haujachaguliwa kwa mashindano, na mapafu yake hayakuwahi kuufikisha mstari ule mwisho. Alifika "zime", akaiba hewa kidogo, akamalizia. Alidhani hakuna aliyesikia. Kumbe walisikia vyema mno, wakakibeba kilema chake kama sehemu ya wimbo, wakakipanda katika vifua vya watoto wenye mapafu mazima. Uso ukamwaka moto.

— Basi ni walimu, Bunge akaamua. Huyu wa hapa, Kakuta. Nasikia mkuu wa shule amemnyang'anya kwaya.

— Na leo anaenda intaviu huko Kajiado, Redio akadakia. Kazi ya chuo! Ile kiti Mwalimu aliwacha.

— Ati aende afundishe walimu wengine hiyo takataka? Bunge akaangua kicheko.

Hata kabla hawajamaliza kumcheka, Kakuta mwenyewe akatokea, amefunga tai, viatu vimeng'arishwa.

— Supa, wazee, akawaamkia kwa Kimaasai.

— Ipa, wakaitikia, macho chini.

Akaenda akasimama mbele ya Nzuki, mikono nyuma, kama alivyosimama darasani.

— Mwalimu, naomba uniambie kitu moja tu kabla basi ifike. Najua wataniuliza. Ule mstari, mtu anapumua wapi?

Benchi zima likamgeukia Mwalimu.

Nzuki akainuka. Aliona njia moja ya kusema kweli bila kuitamka: auimbe mstari wote kwa pumzi moja, kijana asikie tofauti. Akajaza kifua, akaanza kwa sauti ambayo bado ilikuwa nzuri.

"Mvua imerejea mbugani, na nyasi zime—"

Kifua kikafunga. Akavuta hewa.

"—chipuka."

Mabega ya Kakuta yalikuwa yameinuka pamoja na yake, nukta ileile. Uso wa kijana ukakunjuka.

— Asante, Mwalimu. Kumbe sikukosea! Nitawaambia ni wewe ulinifundisha, na nitaimba hivyo hivyo.

Basi likapiga honi ng'ambo ya barabara. Kakuta akaagana nao mbiombio, akakimbia.

— Si mnaona? Bunge akasema. Ni huyo jaji hajui muziki.

Mugure na Redio wakaafiki. Nzuki alikuwa bado amesimama. Kakuta ameshika mlango wa basi, mguu mmoja ungali chini. Pumzi ya kuimba mstari mzima Nzuki hakuwa nayo. Ya kuliita jina moja, kijana arudi, alikuwa nayo.

Akaketi.