Bwana Mashimo na Shimo la Tisa

Tarehe thelathini mwezi huu, mkuu wa kitengo chetu cha mashimo ya mchanga anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Jina la kwenye faili analo, lakini kwa watu wa kando ya mto yeye ni Bwana Mashimo, na akiitwa hivyo huitika haraka zaidi.

Wakwe zake waliposikia kwamba posa imetoka kwa mtu wa mashimo, walidhani ni mchimba makaburi. Ilibidi awapeleke mtoni akawaonyeshe wachimba mchanga walichoacha: mashimo makubwa yaliyojaa maji, hayana uzio, na ndama wa watu amezama humo. Kazi yake ni kulaza kingo ziwe mteremko, kufukia na kupanda matete. Alikuta mashimo arobaini na manne. Yamebaki matatu.

Kuteleza si kuanguka. Mwaka mmoja alifukia shimo la kumi na saba, akapiga na picha. Kesho yake akina mama wakajaa ofisini: humo ndimo walimokuwa wanafuga samaki! Alilichimbua upya, akawatafutia vifaranga wengine wa samaki, na tangu siku hiyo hafukii kitu kabla ya kubisha hodi nyumba zote za jirani.

Mimi, mchora ramani, nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na tisa. Viatu vyake vya tope vimeniharibia ramani mbili. Nilimgombeza sana, na sasa naona nitavitamani.

Shimo la tisa hakutaka kamwe liguswe. Zamani hapo palikuwa ufuko wa mchanga safi. Mama yake alifua nguo, naye na dada zake wakajilaza juani kungoja zikauke. Malori yakaubeba mchanga wote. Kila mafuriko yakipungua, yeye hushuka kupima mto umerudisha kiasi gani, na umekwisha kurudisha zaidi ya nusu. Mwaka huu wakubwa walitaka lizibwe kwa kifusi, lihesabiwe limekwisha. Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alikataa saa, akakataa na kiti. Aliomba shimo la tisa liwekewe uzio, kisha aachiwe mto amalizie. Mkurugenzi ametia saini Jumatatu.

Nilipiga hesabu: mafuriko sita, labda saba, ufuko utakuwa umerudi. Nikamwambia, nikidhani atafurahi. Akajibu kwa upole kwamba yeye sasa muda wa kungoja anao. Asiye nao ni mama yake, ametimiza miaka tisini na mmoja. Nikajifanya natafuta rula.

Asante, Bwana Mashimo, kwa kila ukingo ambao leo watoto wanapita salama. Tunakuombea afya, utulivu na usingizi mrefu wa asubuhi. Mto nao tunauomba ufanye hima, ulete mchanga mama angali na miguu ya kuukanyaga.