Hesabuni Mpaka Kumi: Maisha ya Alvin Ratzlaff na Injini ya Nyumba ya Wazee

"Umeme ukikatika, hesabuni mpaka kumi. Mkifika kumi na bado mko gizani, nizikeni nikiwa hai."

Maneno hayo aliyasema marehemu Alvin Ratzlaff mbele ya mji mzima wa Rosenhof, Kansas, tarehe 14 Mei 2009, siku Nyumba ya Wazee ilipozindua injini yake mpya ya dizeli. Watu walipiga makofi. Mkewe, Luella, hakupiga. Alimvuta koti akamwambia, "Baba Joleen, hayo maneno utalala nayo." Akalala nayo miaka kumi na minne. Leo tunamzika, na kwa faida ya wageni waliotoka mbali, ieleweke kwamba si kwa sababu taa zilichelewa. Ingawa siku moja zilichelewa, na hiyo itasimuliwa hapa hapa, kwa kuwa yeye mwenyewe aliagiza isifichwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 katika shamba la ngano kaskazini mwa Rosenhof, mtoto wa tatu wa Menno na Tillie Ratzlaff. Theluji ilikuwa imefunga barabara, daktari akafika mambo yamekwisha. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyo alitoka tumboni na mikunjo kwenye paji la uso, kama mtu anayejiuliza iwapo amefunga mlango nyuma yake. Alibatizwa katika kanisa hili hili la Mennonite mwaka 1961, na alimwuliza mchungaji mapema kama maji yamepashwa moto.

Alisoma shule ya chumba kimoja iliyokuwa njia panda ya kwa kina Schrag, kisha sekondari ya Rosenhof, akamaliza mwaka 1964. Chuoni alikaa mwaka mmoja. Vita vilipoita vijana, yeye kama wengi wa kanisa letu alikataa kubeba bunduki, akapangiwa utumishi wa badala katika hospitali moja mjini Denver, 1966 hadi 1968. Walimweka chini kabisa, chumba cha matanuri na majenereta. Huko ndiko alikojua kwamba ghorofani kuna watu wanaopumua kwa sababu huku chini kuna chuma kinachozunguka. Wenzake walirudi na hadithi za milima. Yeye alirudi na hofu hiyo, na haikumtoka tena.

Alirudi pia na anwani ya Luella Schrag, aliyekuwa akisukuma vitanda katika hospitali ile ile, na ambaye kumbe alikuwa wa njia panda ile ile ya shule. Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1970. Gari la harusi lilisimama mara mbili kabla ya kufika kwenye karamu, bwana harusi akashuka kukagua tairi. Bibi harusi alishusha kioo akamwuliza, "Umenioa mimi au umeoa tairi?" Akajibu kwa dhati, "Nimekuoa wewe, ndiyo maana nakagua tairi." Walijaliwa mtoto mmoja, Joleen.

Alifanya kazi kwenye maghala ya nafaka, na kuanzia mwaka 1979 akawa fundi wa Nyumba ya Wazee, kazi aliyoifanya hata baada ya kustaafu kwa sababu hakuna aliyethubutu kumnyang'anya funguo. Injini ile ya mwaka 2009 ilikuja na kibali cha hewa kutoka ofisi ya jimbo kule Topeka. Kibali kilisema ni injini ya dharura: moshi wake unavumiliwa kwa sababu haiwaki ovyo. Umeme ukikatika, iwake itakavyo. Siku za kawaida ina saa zake chache za majaribio kwa mwaka, na mita isiyorudi nyuma. Alvin alikitundika kibali hicho ndani ya kioo kwenye banda la injini, alikisoma kurasa mbili za kwanza mpaka akazikariri, na za nyuma akaziogopa.

Wazee wa Nyumba hawakusahau majigambo yake. Kila umeme ulipokatika, chumba kizima cha kulia kilianza kuhesabu kwa sauti, kwa Kijerumani cha bibi zao, wakigonga vijiko mezani. Kwa kawaida walifika sita. Saba, siku za baridi kali. Taa zikiwaka, wanashangilia, na Alvin anaingia akijipangusa mikono kana kwamba hakuwa na hofu.

Jumamosi tarehe 14 Aprili 2018 ilikuwa siku ya mnada wetu wa msaada, ule wa mablanketi ya kushona kwa mkono na vyakula, ambao mapato yake huenda kwa wenye njaa ng'ambo. Asubuhi lori la ng'ombe liligonga nguzo, uwanja wa mnada ukabaki bila umeme. Nyumba ya Wazee, ng'ambo ya barabara, iko kwenye waya mwingine na ilikuwa na umeme wake kama kawaida. Dada Adina Goering, mkuu wa sufuria za mandazi ya zabibu, alivuka barabara na aproni yake.

"Ndugu Alvin, unga wangu umeumuka unataka kutembea. Watu wamepanga foleni mpaka kwenye makaburi. Na wewe una injini nzima imelala pale kama ng'ombe mwenye mimba."

"Dada Adina, ile ni ya dharura."

"Na hii unaiita nini?"

"Mandazi."

"Mwambie hivyo mwenye njaa. Mwambie: Ndugu, ulikuwa ule, lakini Alvin alikuwa na karatasi."

Alivuta waya mnene kuvuka barabara, injini ikawaka mpaka mnada ulipofungwa. Mandazi yalikwisha yote. Dada Adina alimletea sahani yenye manne, akayala amesimama, na akiwa kwenye la nne ndipo alipoitazama mita.

Mwingine angenyamaza. Jumatatu asubuhi Alvin aliipigia simu ofisi ya jimbo akajishtaki mwenyewe. Aliyepokea ni Bibi Denise Kubicek, mhandisi wa vibali.

"Bwana Ratzlaff, dharura yenyewe ilikuwa ipi?"

"Unga ulikuwa umeumuka, mama."

"Ulilipwa chochote?"

"Hapana."

Alikata simu, akakaa, akapiga tena. "Nimesema uongo. Nililipwa mandazi manne."

"Yako wapi?"

"Niliyala kabla sijafikiri."

Bibi Kubicek alisema ataliangalia jambo hilo na atafika Rosenhof zamu yake ya ukaguzi ikifika. Hakusema zaidi, na Alvin hakuuliza zaidi, na hapo ndipo yalipoanzia mateso yake. Maana wakati huo Luella alikuwa amelazwa Nyumba hiyo hiyo mwaka mzima kwa ugonjwa wa mapafu, chumba cha tatu kutoka bandani, na alipumua kwa mashine iliyochomekwa ukutani. Alvin aliiona hesabu yote kichwani. Wakisema injini si ya dharura tena, watataka ifungwe chombo cha kusafisha moshi. Mpaka chombo kipatikane itafungwa kufuli. Kufuli likiwapo, barafu itaanguka. Barafu ikianguka, waya zitakatika, na Luella yuko ukutani.

Basi akafanya kosa ambalo ni mtu mwaminifu kupita kiasi tu angeweza kulifanya. Akaanza kuibania injini. Aliamini saa za mandazi zimekula saa za mwaka mzima, na kwamba kila dakika mpya kwenye ile mita ni msumari kwenye kibali. Kila Jumanne, siku ya majaribio, aliingia bandani, akaifuta vumbi, akaisemesha kidogo, akatoka bila kuiwasha. Majira ya joto yakapita hivyo, na mavuno. Bintiye Joleen alimwuliza, "Baba, mbona siku hizi siisikii?" Akasema, "Inapumzika." Mwaka mpya ulipoingia, saa nazo zilikuwa zimeanza upya, lakini Alvin alikuwa amekwisha kuamini kwamba kuigusa ni kuikosea. Alikonda. Dada Adina alimwambia ana uso wa mtu anayesubiri kunyongwa kwa sababu ya mandazi, na akampelekea mengine, akayakataa.

Alhamisi tarehe 17 Januari 2019, mchana, wazee wakiwa mezani wanakula verenika, vile vifuko vya unga vilivyojazwa jibini, na mchuzi wa krimu, mvua ya barafu iliangusha waya za wilaya nzima. Taa zilizimika. Vijiko vikaanza kugonga. Sita. Saba, watu wanacheka. Tisa. Walipotamka kumi hakuna kilichowaka, na hakuna aliyejua neno la kutamka baada ya kumi. Vijiko vililala.

Bandani, Alvin alibonyeza swichi, injini ikatoa mlio mmoja kama kikohozi cha mtu asiyetaka kuamshwa, basi. Betri ilikuwa imekufa kwa baridi na kwa kukaa. Miezi yote ile ya kuilinda ndiyo iliyoiua. Muuguzi alikuwa amekwisha kumhamisha Luella kwenye mtungi mdogo wa hewa wa akiba, na mshale wa mtungi ulikuwa umeegemea upande mbaya. Alvin alitoka kwenye barafu bila kofia, akaanguka, akainuka, akaanguka. Dada Adina alikuwa ndiyo kwanza anaegesha gari lake la mizigo, amekuja na mikate.

"Adina, fungua boneti!"

"Kuna nini?"

"Fungua boneti, dada, nakuomba, usiniulize!"

Hakuuliza. Alilisogeza gari mpaka likagonga mlango wa banda. Walichomeka nyaya kutoka betri yake, Alvin mikono haishiki, ikabidi Adina abane vibanio mwenyewe huku akiikemea injini kwa majina ambayo hayafai kusomwa kanisani. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili ikakataa. Mara ya tatu ikashika, na moshi mweusi ukatoka ambao jimbo zima lingeuona.

Alipofika chumbani, Luella alikuwa amerudishwa kwenye mashine, midomo bado ina rangi ya samawati. Alimpungia mkono asogee.

"Nilifika kumi," alisema kwa pumzi za kuazima. "Nikaanza tena moja. Nikifika kumi, naanza tena moja. Taa zimewaka nikiwa kwenye saba."

Alvin aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Kwa hiyo hukuvunja ahadi," Luella akasema. "Sasa vua hizo soksi, zimelowa."

Bibi Kubicek alifika mwezi wa Februari. Alvin alimpokea akiwa amevaa suti ya mazishi, hii hii aliyovaa leo. Mgeni alisoma mita, akafungua kibali ukurasa wa nyuma, ule aliouogopa, akamwonyesha kwa kidole: injini ya dharura ilikuwa imeruhusiwa saa kadhaa kila mwaka hata pasipo dharura, na siku ya mandazi iliingia humo na nafasi ikabaki. Sahani ya Dada Adina haikuhesabiwa kuwa malipo. Kisha akauliza, "Lakini majaribio ya tangu Aprili yako wapi? Kibali hakikuruhusu tu uiwashe, Bwana Ratzlaff. Kilikutaka uiwashe." Hilo ndilo kosa pekee aliloandikiwa, nalo likaishia kwenye onyo. Alvin aliomba nakala ya onyo hilo, akalitundika ndani ya kioo kando ya kibali, na kila fundi mgeni alilazimishwa kulisoma.

Kuanzia siku hiyo injini iliwashwa kila Jumanne saa nne asubuhi, na betri ilibadilishwa kila baada ya majira mawili ya baridi, iwe imechoka au haijachoka. Wazee walirekebisha saa zao kwa mlio wake.

Moyo wa marehemu ulianza kumsumbua mwaka 2021. Mwezi wa Agosti mwaka huu alilazwa Nyumba ya Wazee, kitanda kando ya Luella, akaomba dirisha la upande wa banda libaki wazi. Hofu yake haikupungua, ila ilikuwa imebaki moja: kwamba siku moja injini haitawaka. Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, Joleen alitoka kuiwasha injini yeye mwenyewe. Luella, aliyekuwa amemshika mkono, anasema Alvin alikuwa akihesabu chini chini. Injini ikawaka. Akasema, "Nne," akatabasamu, na hakuhesabu tena. Alikuwa na miaka sabini na saba.

Ametanguliwa na wazazi wake na kaka zake wawili. Ameacha mke, Luella. Binti, Joleen, na mumewe. Wajukuu watatu ambao wote wamefundishwa kushika vibanio vya betri bila kujiunguza. Dada Adina Goering, ambaye si ndugu wa damu lakini hakuna wa kumwondoa kwenye orodha. Na wakazi wote wa Nyumba ya Wazee wanaojua kuhesabu.

Alale bila kuamka kukagua kitu. Mlango umefungwa, Alvin, na Jumanne tutaiwasha.

Familia inaomba msilete maua. Majira ya baridi yanaingia, ni zamu ya kubadilisha betri, na Luella bado yuko ukutani. Betri moja ni dola mia mbili themanini na tisa.