Bi Daftari na Mlango wa Duka la Saa

Baada ya miaka ishirini na miwili, misimu tisa na madaftari mia moja na arobaini, mtunza kumbukumbu wa tamthilia yetu ya polisi anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi wa sita. Wakubwa wanamwita kwa cheo chake, vijana wa taa wanamwita Shangazi, sisi wa zamani tunamwita Bi Daftari, naye anaitika kote. Kuandika wasifu wake nimepewa mimi, seremala wa studio, na sikushangaa kupewa. Shule niliishia darasa la sita, lakini humu ndani hakuna ukuta ambao sikuusimamisha kwa mikono yangu, na hakuna aliyekuwa karibu naye kunishinda, maana hata kiti anachokalia nilikitengeneza mimi.

Niseme mapema kwamba wasifu huu ulinusurika kuwa tanzia. Mwezi wa pili wakubwa wa runinga walituita wakatuambia watazamaji wamechoka, hadithi haieleweki, na kama sehemu ya mwisho ya msimu wa tisa nayo haitaeleweka, tamthilia inafungwa. Watu sitini tungebaki bila kazi. Na Bi Daftari angeondoka akiwa mtunzaji wa kitu ambacho watu wanakicheka.

Kazi yake ni kuandika kila kinachoonekana, ili cha leo kifanane na cha jana: shati la Inspekta limefungwa vifungo vingapi, chai imefika wapi kikombeni, nani kafa na kafa vipi. Misimu ya mwanzo tulikuwa na utaratibu wetu. Kila asubuhi tunasoma maandishi mezani, na Bi Daftari akiona jambo halikubaliani na la nyuma, anainua penseli. Hasemi kitu. Penseli ikiinuka, mwongozaji ananyamaza na waandishi wanafuta. Kuna mwigizaji mmoja mwenye sauti ya radi alikufa vizuri sana siku moja tukirekodi, hadi mpiga picha analia, mara penseli hiyo juu! Jamaa alikuwa anashika ubavu wa kulia na risasi ilimwingia wa kushoto. Akafufuka, akafuta machozi, akafa upya.

Siku hizo mambo yalikuwa safi. Mtu mmoja anauawa, Inspekta anauliza, anasikiliza, anafikiri, anamkamata muuaji, na wewe nyumbani unajipiga paja kwamba ulimjua tangu mwanzo. Hata kituo cha polisi nilichokijenga kwa mbao na gundi kilikuwa cha kweli mno. Mwananchi mmoja aliingia kuripoti baiskeli yake imeibwa. Akapanga foleni nyuma ya waigizaji, Inspekta wetu akamwandikia maelezo, na baiskeli ikapatikana siku ya tatu. Anayebisha aje karakana.

Kuanzia msimu wa tano akaja mwongozaji mpya, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuniuma. Sisemi kila kitu kiliharibika. Taa zilikuwa nzuri kuliko zamani, na Inspekta mwenyewe kadiri alivyozeeka ndivyo uso wake ulivyozidi kusema. Bi Daftari anashikilia kwamba onyesho bora kuliko yote miaka yote hiyo liko msimu wa saba: Inspekta anaosha sahani mbili jikoni, na mke wake alishafariki. Dakika nne bila neno. Meza ya jiko hilo ilinipasua kidole nikiipiga msasa, kwa hiyo na mimi nimo.

Lakini mengine, jamani! Waandishi walikuwa watatu, kila mmoja anaandika sehemu yake na hasomi ya mwenzake. Inspekta aliyekuwa mtu wa kuuliza akawa mtu wa kupiga risasi. Helikopta ikaja, ikaondoka, hatukuambiwa ilifuata nini. Mapacha wakazidi. Wauaji wakawa wanakiri wenyewe hata hawajaulizwa. Na penseli ikapigwa marufuku mezani kwa sababu eti inachelewesha. Bi Daftari hakugomba. Aliendelea kuandika, kaziba mdomo kama mgeni.

Kubwa lililotuchanganya ni la muuza saa. Msimu wa tatu aliuawa dukani kwake, jirani yake fundi cherehani akakiri mbele ya Sajini, msaidizi wa Inspekta, akafungwa. Msimu wa saba, waandishi wapya wakamleta dereva wa lori, naye akakiri mbele ya Sajini yuleyule kwamba kamuua muuza saa huyohuyo. Mtu mmoja, kifo kimoja, wafungwa wawili. Nikawa naulizwa sokoni nani hasa aliua, mimi mtu wa ndani, nabaki nakohoa.

Halafu msimu wa tisa nikaambiwa nijenge upya lile duka. Bi Daftari akaniletea daftari. Nikamwambia, "Dada, hilo duka liko kichwani, rudisha karatasi zako." Nikalijenga siku moja na nusu, rekodi ambayo haijavunjwa. Tukarekodi Sajini akikumbushia mbele ya Inspekta jinsi alivyosimama nje siku ya mauaji na kumwona fundi cherehani akitoka mbio kwa mlango wa kushoto. Tulipomaliza, Bi Daftari akaja karakana taratibu.

"Kaka fundi, mlango msimu wa tatu ulikuwa kulia."

"Haiwezekani."

"Kulia. Na kengele juu yake."

Nilikaa juu ya mbao. Ndiyo wiki hiyohiyo wakubwa wa runinga walipotoa tishio lao, na duka lilishavunjwa, kurudia hakuna.

Mwongozaji, sifa zake nimpe, alikwenda mwenyewe kumwomba Bi Daftari msaada. Yeye akafunga madaftari kwenye khanga, akaenda nayo nyumbani siku nne. Akarudi na karatasi sita. Hakufuta kosa hata moja, na hicho ndicho kilichonishinda kuelewa mpaka nilipoeleweshwa mara mbili.

Katika karatasi zake, Inspekta anakwenda kwa mjane wa muuza saa, bila bastola, anauliza kama zamani. Mjane anamwambia mlango wa kushoto aliutoboa yeye, miezi miwili baada ya mazishi, kwa sababu hakuweza tena kupita ule mlango wa kulia ambako mumewe aliangukia. Basi. Siku ya mauaji mlango wa kushoto haukuwepo. Sajini hakuona mtu yeyote akitoka. Alitunga, na wale wawili walikiri kwa sababu kila mmoja Sajini alimfungia chumbani mpaka akakubali. Inspekta anakiri kwamba aliacha kuuliza miaka mingi, akawa anasaini tu. Wafungwa wawili wanatoka gerezani, kwa geti nililolijenga mimi, imara kiasi kwamba walinzi wawili walishindwa kulifungua na mmoja wao akapanda juu.

Sehemu ilipoonyeshwa, mtaani kwetu hakuna aliyetoka nje. Asubuhi yake wakubwa wa runinga wakapiga simu: msimu wa kumi umekubaliwa, watu sitini kazi zao zipo. Wakamwomba Bi Daftari aongeze mwaka mmoja. Akasema asante, amechoka kusimama.

Mimi bado nimechanganyikiwa, na siyo mimi peke yangu. Mwisho wa sehemu ile Inspekta anamtazama Sajini, Sajini anavua kofia, picha inakatika. Sasa Sajini ndiye aliyeua, au alidanganya tu ili kesi iishe? Mpishi wa kantini anasema aliua. Mshona mavazi anasema mjane ndiye. Wameacha kuombana chumvi. Nikamfuata Bi Daftari mwenyewe, nikamsihi, "Dada, niambie mimi tu."

"Kaka fundi, duka umelijenga mara mbili, unaniuliza mimi?"

Bi Daftari, kwa niaba ya mafundi, waigizaji, mpishi na hao waandishi watatu ambao sasa wanasomeana, ahsante kwa macho yako na subira yako. Nenda ukapumzike, ulale mchana, ucheze na wajukuu, afya ikushike mkono popote uendapo. Sisi Jumatatu tunaanza msimu wa kumi bila kujua nani alimuua muuza saa, na anayejua atakuwa sebuleni kwake, kanyoosha miguu, anatutazama.