Blanketi ya Mtoto Ambaye Hajafika

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mkiitikia kwa sauti ya chini nitaelewa, kwa sababu mnaniona nimesimama hapa na tumbo kubwa hivi na hamjui kama mnishangilie au mninyamazie. Watu huja mbele kushuhudia wakiwa wamebeba mtoto. Mimi nimekuja kabla, na nimekuja makusudi.

Naitwa Trufena, mke wa Wiklifu yule fundi wa mabomba hapa Gatina, Kawangware. Zamani tulikuwa tunakaa Kibera, upande wa Ayany. Huko ndiko nilipata mimba ya kwanza, na nilifurahi mpaka nikakosa adabu. Nilinunua beseni, shali, nguo ndogo ndogo, soksi. Kwetu magharibi wazee hawataki hayo. Mtoto hatayarishiwi vitu kabla hajafika, eti unamwitia jicho baya. Mimi nikasema hayo ni mambo ya kijijini. Mtoto akazaliwa amekufa.

Mama mkwe alipiga simu kutoka nyumbani. Hakunigombeza. Alilia pamoja na mimi, halafu akasema polepole, "Mwanangu, si nilikuambia usinunue?" Neno hilo lilinikaa kifuani likakataa kutoka. Mimba ya pili ilipoingia sikununua hata soksi. Sikumwambia mtu, sikujishika tumbo, sikuimba. Nayo ikaharibika. Majirani wakawa wananiangalia tumbo kabla ya uso, mpaka nikamwambia mume wangu tuhame. Ndivyo tulivyokuja Kawangware.

Hapa kanisani nikaingia kwa akina mama wanaofuma kwa kroshia. Kiongozi wao ni Mama Awino, na mnamjua, mdomo wake hauna breki. Alinionyesha kwenye simu pateni ya blanketi ya mraba. Unaanza na kiduara kidogo katikati, unazunguka, unazunguka, na ukifika kwenye kona unaongeza vitanzi ili kona ifunguke. Kazi rahisi. Lakini ndugu zangu, wakati huo mimba ya tatu ilikuwa imeshaingia. Nilikuwa nimeifunika kwa sweta kubwa, na kliniki sijakanyaga. Niliwaambia wenzangu blanketi ni ya kutandika kwenye kochi.

Blanketi ikakataa. Badala ya kulala mezani ilijikunja, ikainuka pande zote ikawa bakuli. Nikafumua, nikaanza upya, bakuli tena! Kona zote nilikuwa nimeongeza vile pateni inasema. Wenzangu walicheka, mmoja akaivaa kichwani kama kofia. Mimi nilitoka nje nikaenda kulia karibu na choo, kwa sababu niliona hiyo ni ishara. Nilijiambia huyu pia haji, na mikono yangu imeshajua.

Mama Awino akanifuata na ile kazi mkononi. Alijaribu kupitisha sindano kwenye tundu, ikagoma.

"Trufena, huu uzi umekukosea nini? Umeunyonga kabisa. Pateni haina makosa, ni wewe umekaza mkono. Unaogopa nini?"

Nikafungua sweta. Nikamwambia yote, ya beseni, ya shali, ya simu ya mama mkwe. Kisha akaniuliza, "Na yule wa pili, ulimnunulia nini?"

"Sikumnunulia kitu."

"Kwani alikaa?"

Ndugu zangu, hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Kama ni soksi zilimuua wa kwanza, basi wa pili aliuawa na nini? Nilikuwa nimebeba hatia ambayo si yangu. Hapo ndipo nilimlilia yule wa pili, ambaye sikuwa nimemlilia, kwa sababu alipita duniani bila mama yake kumpa hata soksi moja. Tukaomba hapo hapo karibu na choo, Mungu hachagui mahali. Kesho yake Mama Awino akanipeleka kliniki akinishika mkono kama mtoto wa shule.

Niliporudi kwenye uzi, mkono ulikuwa umelegea. Nikafuma, nikatandika mezani, ikalala. Nilimpigia mama mkwe nikamwambia ninamfumia mjukuu wake blanketi. Akauliza, "Ya rangi gani?" Nikamwambia ni ya manjano. Akasema, "Ongeza ukubwa. Watoto wetu ni warefu." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Sijasimama hapa kuwaambia mtoto atafika salama. Hilo ninamwomba Mungu kila siku, na ninyi niombeeni. Nimesimama kusema hofu iliyonifunga imekatwa na Yesu. Wewe uliyekaa hapo na unaogopa kupenda kitu usije ukakipoteza, njoo kwake na hofu yako jinsi ilivyo. Mimi nilienda nayo ndani ya sweta na hakunifukuza.

Asante Mungu wangu. Blanketi imekwisha, iko kwenye mfuko wa hospitali. Mtoto wangu akija analia nitamfunika nayo. Akija kimya nitamfunika nayo. Jana niliweka mkono tumboni, nikamwambia kwa sauti kwamba ni yake.