Frednand wa Mguu Juu na Neno Lililobaki Bukiriro

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kabanga mpakani, mlioko Bukiriro mashambani, na ninyi ndugu zetu wa Biharamulo mnaotupata kwa shida mvua ikinyesha, wakubwa zangu shikamooni. Vuteni viti. Leo tunakaa matanga kwa njia ya redio.

Tunamkumbuka Frednand Nzeyimana, fundi pikipiki wa Nyamiaga. Amefariki akiwa na miaka hamsini na minne. Ndiye aliyeanzisha mashindano ya Mguu Juu. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Frednand Nzeyimana, fundi pikipiki, mwanzilishi wa Mguu Juu. Katika kipindi kama hiki tumezoea kumsifu marehemu mpaka watoto wake wajiulize kama ndiye baba yao kweli. Leo nitamsifu, anastahili. Lakini mjane wake, Restituta, alinikalisha chini akaniambia, "Mtangazaji, ukisema mazuri tu, utakuwa umemzika nusu. Sema na lile la Felisita."

Basi tutalisema. Lina aibu, na sehemu ya aibu hiyo ni yangu mimi.

Frednand alijifunza ufundi ujana wake, miaka ile ya kambi za wakimbizi, akifunga na kufungua pikipiki za mashirika ya misaada. Huko kulikuwa na fundi mmoja mgeni. Jumapili mchana mzee huyo alichukua pikipiki akaipandisha juu ya mawe, taratibu, bila kukimbia, bila kugusa ardhi kwa mguu. Wengine waliona mtu mzima anacheza. Frednand aliona kazi ya mikono na subira, akaitamani. Alikaa nayo kifuani miaka zaidi ya ishirini.

Mwaka 2021 akaanzisha mashindano yake. Wasikilizaji, haya si mashindano ya mbio. Hapa mwenye haraka ndiye anayeshindwa. Unapita kwenye mawe, magogo, matope na kingo za mlima. Ukitia mguu chini mara moja, kosa moja. Mara mbili, makosa mawili. Ukisimama kabisa, makosa matano. Mwenye makosa machache ndiye mshindi. Mguu juu, basi.

Na alikuwa na akili ya kuwaweka watu wote pamoja. Alifunga tepe za rangi tatu. Nyekundu kwa mabingwa, kama Pancras, dereva wa bodaboda kutoka Biharamulo, anayepanda jiwe kama mbuzi. Bluu kwa wa kati. Nyeupe kwa wanaojifunza, kwa wauguzi wanaofuata wagonjwa vijijini, kwa waoga, kwa wenye pikipiki za kusukuma. Kilima kilekile, njia tatu. Frednand alikuwa akisema, "Kila mtu apewe jiwe la saizi yake, halafu asinung'unike." Mwaka wa kwanza walikuja kumi na wanne. Mwaka wa pili walikuja arobaini na mmoja.

Ni mwaka huo wa pili, wasikilizaji. Mwaka 2022, mwezi wa nane, siku ya gulio.

Frednand alitaka watu wengi watazame. Kwa hiyo kituo cha mwisho cha kuhesabia makosa alikiweka kwenye njia ya gulioni, pale inapopanda kuelekea makazi ya Nyamiaga. Restituta alimkataza. Alimwambia ile ni njia ya watu, utawafungia watu njia yao. Frednand akajibu kwamba siku moja haiui mtu.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye tepe nyeupe alikuwepo Yohanes, katekista, mtu mpole mwenye pikipiki kuukuu ya kuzungukia vigango. Hakuna aliyemhesabu. Lakini Yohanes alipita kituo cha kwanza bila kosa. Cha pili, bila kosa. Cha tatu, cha nne, cha tano, hivyo hivyo. Watu wakaanza kumfuata. Alifika kituo cha mwisho akiwa na sifuri. Zawadi ilikuwa tairi mbili mpya, na zake zilikuwa zimeisha zimekuwa laini kama viazi vya kuchemsha.

Wakati huohuo mama mmoja alikuwa akipanda njia ile akitokea Bukiriro. Ni Felisita, mama mkwe wa Yohanes. Hakuja kutazama mashindano. Alikuwa na mkungu wa ndizi kichwani na kitenge kipya mkononi. Bintiye Ineza, mke wa Yohanes, alikuwa amejifungua wiki ile, na bibi alikuwa anakwenda kumwona mjukuu. Akakuta tepe, akakuta umati. Akasukumwa huku na huku, mpaka akajikuta amesimama pembeni kabisa ya njia nyeupe.

Yohanes alikuwa katikati ya mawe, amesimama juu ya vikanyagio, klachi imebanwa nusu. Akainua macho. Akamwona mama mkwe wake.

Kwetu hapa hakuna wa kufundishwa jambo hili. Mkwe hapitwi ukiwa juu ya chombo. Yohanes alizima pikipiki. Akatia mguu chini, wa kulia na wa kushoto. Akavua helmeti, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama." Felisita akajibu taratibu, "Marahaba, mwana wanje," yaani mwanangu, naye akatazama pembeni kama inavyopasa.

Mwamuzi wa kituo kile alikuwa Frednand mwenyewe. Akainua vidole vitano. Makosa matano. Hapo hakukosea, ndiyo kanuni. Laiti angeishia kwenye vidole. Lakini mkono wa pili ulikuwa na kipaza sauti, na umati ulikuwa unasubiri neno. Frednand akasema, "Jamani, huyu amekuja mashindanoni au amekuja kuposa? Mama, mpe jibu lake, tuendelee!"

Wasikilizaji wapendwa, kilima kizima kilicheka. Kuposa! Mtu na mama mkwe wake! Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na siku ile vidole vya Yohanes havikujikwaa mahali popote.

Baadaye wako waliomtetea Frednand. Walisema hakumjua yule mama. Nilimuuliza Restituta. Aliniangalia, akasema, "Alimjua. Kwenye harusi ya Ineza tulikaa meza moja. Alimjua vizuri. Aliona watu wengi, akasahau kwamba na yule ni mtu."

Felisita aliushusha mkungu wa ndizi chini, akauacha palepale, akageuka. Alirudi Bukiriro kwa miguu na kitenge chake mkononi. Mjukuu hakumwona. Yohanes alimaliza kituo, akakabidhi utepe mweupe aliofungwa mkononi kama mshiriki, ukiwa umekunjwa vizuri, akaenda zake. Hajashiriki tena mpaka leo.

Hapa ndipo na mimi naingia. Nilikuwepo, na kinasa sauti kilikuwa mkononi. Nilicheka. Tena nilirudi studio nikaikata sauti ile, "Mama, mpe jibu lake," nikaiweka kabla ya salamu za asubuhi. Niliipiga karibu miezi miwili. Mlikuwa mnanitumia ujumbe kwamba inachekesha. Felisita alikuwa akiisikia kwenye kila duka lenye redio. Gulioni watoto walimuuliza, "Mama, umeshampa jibu?" Akaacha kwenda gulioni. Akaacha njia ya Nyamiaga kabisa. Yule mjukuu aliota meno, akatambaa, akatembea, na bibi yake hajamshika.

Nasema haya na uso wangu unawaka. Mnanisikia tu, hamnioni, na hiyo ndiyo bahati yangu.

Frednand naye alianza kukosa raha. Restituta anasema ilianza siku alipomkuta Ineza kisimani akiwa na mtoto mgongoni. Alimuuliza, "Bibi amefurahi?" Ineza akamjibu, "Bibi yupi?" Frednand alirudi nyumbani na ndoo tupu.

Mwaka uliofuata aliyahamishia mashindano kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, mahali pasipo na njia ya mtu. Akaongeza kanuni mpya: mguu uliotiwa chini kwa ajili ya kumsalimu mkubwa hauhesabiwi. Watu walimpigia makofi. Mimi mwenyewe nilimsifu hapa redioni, nikasema huyu ni mtu wa heshima. Jioni ile, anasema Restituta, hakugusa chakula. Alimwambia mkewe, "Wananisifu kwa kiraka, na shimo nililichimba mwenyewe." Kanuni ilikuwa imerekebishwa. Neno lake lilikuwa bado limekaa Bukiriro, kwa Felisita.

Ndipo akaanza kwenda huko. Alikwenda mara tatu. Shikeni hiyo, mara tatu.

Mara ya kwanza alifika uani, akasalimu, akaomba maji ya kunywa. Akanywa, akashukuru, akaondoka. Mara ya pili alibeba sukari na sabuni. Akaona mlango wa jikoni umelegea bawaba, akautengeneza, akaondoka. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba njiani maneno yote huwa yamepangika, lakini akimwona yule mama, ulimi unakuwa mzito. Uso umeumbwa na haya, wasikilizaji. Mtu aliyeweza kusema mbele ya kilima kizima hakuweza kusema mbele ya mama mmoja.

Mara ya tatu alikuwa mgonjwa tayari. Figo zilikuwa zimechoka na miguu imevimba, kiatu hakiingii. Alipelekwa na Pancras, yule bingwa wa Biharamulo, aliyekuwa amekuja kumjulia hali. Pancras anasimulia: "Nilimshika mkono mpaka kwenye kigoda. Mama alikuwa anapukuchua maharage. Fundi akasema, 'Mama, maharage mwaka huu yamekubali?' Mama akajibu, 'Yamekubali.' Basi. Tukarudi. Njia nzima fundi alikuwa analia mgongoni kwangu, na mimi nikajifanya sisikii."

Baada ya wiki tatu Frednand alifariki. Alizikwa Nyamiaga, na waendesha pikipiki wa wilaya zote mbili, Ngara na Biharamulo, walisindikiza jeneza wakisukuma pikipiki zao kwa mkono, injini zimezimwa. Felisita alikuja. Alisimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chakula.

Kabla ya kuandaa kipindi hiki nilikwenda Bukiriro. Sikutaka jina la yule mama lisikike tena kwenye redio hii bila ruhusa yake. Nilimkuta. Nilisema shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda. Nikaanza kumuuliza habari za mvua. Ndiyo, wasikilizaji, mvua! Mimi ninayelipwa kwa kusema.

Felisita akanikatiza. "Sema, baba. Usizunguke. Sema lote."

Nikasema. Nilisema kwamba nilicheka, kwamba niliikata ile sauti, kwamba niliipiga miezi miwili. Nikaomba radhi. Akasema amesikia. Kisha akaniambia maneno haya, na ameniruhusu niyafikishe kwenu kama yalivyo.

"Yule fundi, mara ya kwanza tu alipoomba maji, nilijua alichokuja nacho. Ningemwambia 'sema, baba,' angesema. Sikumwambia. Nilitaka ahangaike kama nilivyohangaika. Mara ya tatu nilimwona miguu imevimba. Nikajua huyu hatarudi tena. Bado nikamwacha na maharage. Nilimwona anaondoka ameshikwa mkono, na moyoni nikasema, bado kidogo. Kumbe hakukuwa na kidogo. Mwaka ule alinitia aibu yeye. Hii ya sasa nimejitia mwenyewe. Waambie na hilo. Usinifanye mimi mzuri."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Restituta, watoto wanne wa marehemu, mafundi wa Nyamiaga, na waendesha pikipiki wote wa Ngara na Biharamulo. Frednand alitupa mchezo ambao mwoga na bingwa walipanda kilima kimoja. Mungu amsamehe lililomshinda, na ampumzishe.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna nyumba unayoizunguka, leo ingia useme. Na kama mtu anakuja kwako mara ya pili na ya tatu bila shida inayoeleweka, na wewe unaijua shida yake, usimhesabie. Msaidie atoe neno.

Nilipompelekea Restituta maneno ya Felisita, alilia, kisha akauliza ni siku gani yule mama hushinda nyumbani. Jumapili hii, baada ya misa, anakwenda Bukiriro. Anataka kumwomba radhi kwa niaba ya mumewe. Aliniuliza kama neno la marehemu linaweza kusemwa na mjane wake likapokelewa.